Maswali ya Wasafiri: Koti mmelipata, sasa tutazame miguu

Kila ikifika Oktoba barua za safu hii hugeuka. Wanaouliza mambo ya viza hupungua, wanaouliza baridi huongezeka. Watoto wetu walio nje huwakatia wazazi tiketi za Januari na Februari kwa kuwa mara nyingi ndizo za bei nafuu, na mzazi anashuka kwenye ndege katikati ya majira ya theluji bila mtu aliyemkalisha chini akamweleza. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Minneapolis katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, na ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ninayoyaandika hapa nayaona kila msimu, kazini na kwa wageni ninaokwenda kuwapokea uwanja wa ndege. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana wanaofanana na aliyeiandika ni wengi.

Shangazi, habari za huko. Nina miaka 63, naishi Mwanza. Binti yangu yuko Brooklyn Park, Minnesota, anatarajia kujifungua mwishoni mwa Januari na amenikatia tiketi nikakae naye miezi mitatu. Nina presha, natumia dawa. Shoga zangu wameniambia ninunue makoti matatu mazito na nisitoke ndani mpaka theluji iishe. Kweli nitafungiwa miezi mitatu? Nijiandae vipi?
*Bibi mtarajiwa, Mwanza*

Shikamoo mama. Wasomaji wananiita Shangazi, lakini kwako wewe mimi ni mtoto, na nitakujibu kama ninavyomjibu mama yangu mzazi. Hongera kwa mjukuu anayekuja.

Makoti matatu usinunue. Moja linatosha, na hilo moja usilinunue Mwanza. Mwambie binti yako apite kwenye maduka ya mitumba ya huku, kama Goodwill au Savers. Yamejaa makoti yaliyoshonwa kwa baridi hii hasa, kwa bei ndogo kuliko koti jipya. Aje nalo uwanja wa ndege, pamoja na buti, ukavalie pale pale ndani kabla ya kutoka mlangoni. Wewe safiri na sweta nzito, skafu, soksi nene na viatu vya kufunika mguu. Nimeshawapokea kina mama waliotua na kandambili za kupumzishia miguu, viatu vyenyewe vimo kwenye sanduku, na sanduku limechelewa.

Januari huku mchana wa kawaida ni kama nyuzi 5 chini ya sifuri, na usiku hushuka hadi 13 au 14 chini ya sifuri. Zipo na siku zisizo za kawaida. Tarehe 30 Januari 2019 asubuhi ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri, hata posta ikasitisha kupeleka barua majumbani. Siku kama hizo shule hufungwa na kila mtu hukaa ndani, wenyeji na wageni. Ni chache.

Jua pia kwamba Marekani hawapimi joto kama sisi. Redio ikisema leo ni kumi, usidhani ni kumi ya Lushoto mwezi wa saba. Kumi yao ni nyuzi 12 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Maji yao huganda kwenye 32. Na kila ukiuliza joto, uliza na upepo. Nyuzi 18 chini ya sifuri pakiwa pametulia unaweza kutembea ukiwa umevaa vizuri. Ukivuma upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili unaipata baridi kama ya nyuzi 28 chini ya sifuri, na ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Kwa hiyo ni masikio, pua, mashavu na vidole unavyovifunika kwanza.

Watu wetu hudhani baridi huzuiwa na uzito wa nguo. Kinachokukinga ni hewa kavu iliyonaswa kati ya nguo na nguo, na jasho ndilo linaloiharibu. Nyumba za huku hupashwa joto hadi nyuzi 20 au 21, mabasi yana joto, maduka yana joto. Ukiingia humo na mazigo ya nguo utalowa jasho, kisha ukitoka nje jasho lile linapoa juu ya ngozi na unatetemeka ndani ya koti zito. Ndani kabisa vaa fulana ya mikono mirefu na suruali nyembamba ya kubana, za sufu au za nyuzi za kiwandani. Pamba iache, ikilowa haikauki upesi. Juu yake sweta, na juu kabisa koti refu lisilopitisha upepo. Ukiingia mahali, vua kofia na ufungue zipu hapo hapo mlangoni. Kanga zako zilete. Siku za upepo mkali mimi hujifunga moja kiunoni chini ya koti, na inasaidia.

Sasa miguu, na hapa namwomba binti yako asibane pesa. Buti ziwe hazipitishi maji, zenye soli ya mpira laini yenye meno, na ziwe kubwa kidogo kuliko kipimo chako ili soksi ya sufu ikae bila kubana. Kiatu kinachobana huzuia damu kufika vidoleni, na kidole kisichopata damu ndicho huganda. Baridi inayosumbua miguu kuliko zote ni ile ya sifuri sifuri, theluji inapoyeyuka mchana na kuwa tope. Theluji ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni kavu kama unga, unaikung'uta tu kwenye buti ukaingia ndani.

Mama, nakusihi kuhusu kuteleza. Wazee tunaowapokea kazini kwetu Januari na Februari wengi wamevunjika nyonga au kifundo cha mkono kwa kuanguka njiani. Theluji iliyoyeyuka mchana huganda usiku ikawa tabaka jembamba la barafu lisiloonekana, lami inaonekana imelowa tu. Tembea kama bata: hatua fupi, nyayo bapa, magoti yamelegea kidogo, mikono nje ya mifuko. Kuna vyuma vidogo vya meno vyenye mpira, huvalishwa juu ya buti; mwambie akununulie, na uvivue ukiingia dukani kwa sababu kwenye marumaru vyenyewe vinateleza. Mtoto usimbebe mgongoni ukiwa nje kwenye barafu. Ndani mbebe upendavyo.

Kuhusu presha: baridi hubana mishipa ya damu na presha hupanda, basi kipimo chako kije nawe na dawa za siku zote za safari na ziada ya wiki kadhaa ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na cheti cha daktari. Koleo la kuondolea theluji usiliguse kabisa. Najua ukiwaona wamechoka na mtoto utataka kuwasaidia, lakini kuchota theluji nzito kwa koleo kwenye baridi ni kazi iliyowaangusha wengi wenye presha na moyo. Na bima ya afya ya safari ikatwe kabla hujapanda ndege, presha yako ikiwa imetajwa. Matibabu ya Marekani bila bima ni mzigo ambao familia hubeba miaka.

Mjukuu akitoka hospitali atawekwa kwenye kiti chake cha gari. Utatamani kumfunga kwenye koti nene kwanza. Usifanye hivyo. Koti hufanya mikanda ilegee, na gari likigonga kitu mtoto anaweza kuchomoka. Anavalishwa nguo nyembamba za tabaka, mikanda inakazwa mwilini, halafu blanketi linawekwa juu yake. Mzazi mkande kwa maji ya moto na mpe uji wake wa pilipili manga, ni haki yake. Ila mkaa usiwashwe ndani, wala wa kukanda wala wa chetezo. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo, na mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Chetezo cha umeme kinauzwa.

Ngozi nayo: hewa ya ndani ni kavu mno. Leta mafuta ya mgando, ujipake ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado na majimaji. Mafuta ya nazi pia yanafaa, ila usishtuke chupa ikiganda yote dirishani. Huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24.

Na kufungiwa? Hapana, mama. Anayekaa ndani miezi mitatu hunyong'onyea, nimewaona, wanaanza kuhesabu siku na kulia wakipigiwa simu kutoka nyumbani. Toka kila siku isiyo na tahadhari ya hali ya hewa, hata robo saa. Katikati ya jiji la Minneapolis kuna vivuko vya vioo vinavyounganisha majengo ghorofa ya kwanza, vilianza mwaka 1962 na leo vina urefu wa zaidi ya kilomita 15. Unatembea kutoka benki hadi dukani hadi mgahawani huku unaiangalia theluji chini yako. Mall of America, jengo kubwa la maduka kule Bloomington, hufikika kwa treni ya mjini, na asubuhi wazee huenda kufanya mazoezi ya kutembea humo ndani. Jiunge nao. Karmel Mall ni ya ndugu zetu Wasomali: nyama halali, sambusa, chai ya maziwa yenye iliki, na mara nyingi humkosi mtu aliyepita Mombasa au Nairobi anayeongea Kiswahili. Brooklyn Park kwenyewe Wakenya ni wengi, na ukienda kanisani au msikitini Jumapili au Ijumaa moja tu utakuwa umepata wenzako.

Halafu wewe ni mtu wa Ziwa. Mwombe mkweo akupeleke kuwaona wavuvi wa huku. Maziwa yakiganda sawasawa wanavuta vibanda vyao hadi katikati, wanatoboa tundu kwa keekee, wanakaa kwenye kigoda na kamba ndani ya maji. Idara ya maliasili ya Minnesota husema barafu mpya iliyo safi iwe na unene usiopungua sentimita 10 ndipo mtu aikanyage kwa miguu, na hata hivyo hakuna barafu ya kuaminiwa kabisa. Kaa nchi kavu ukitazama, au fuata mwenyeji anayelijua ziwa hilo. Natamani sana uyaone hayo ukawasimulie watu wa Mwanza.

Shangazi, mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Mteja niliyempandisha amenialika Oslo mwezi wa pili, wiki mbili. Vifaa vya mlimani ninavyo na vingine nitatafuta Memorial, soko letu la mitumba. Vinatosha?
*Mpagazi, Moshi*

Vinatosha, mwanangu, na wewe unaijua baridi kuliko wengi wanaoniandikia. Aliyelala kambi ya Barafu, mita 4,673, akaamka usiku kwenda kilele cha Uhuru hana cha kuogopa Oslo. Tofauti ni moja. Mlimani unatembea usiku kucha na mwili unajipasha, ila mjini unasimama kituoni ukisubiri treni huku hutikisiki. Koti la manyoya ya bata unalovaa ukifika kambini ndilo litakalokufaa barabarani.

Memorial tafuta sweta za sufu na makoti. Yamerudi kutoka nchi hizo hizo unazokwenda. Jaribu zipu kutoka chini hadi juu, na papasa koti kama manyoya yamejikusanya pembeni, likiwa hivyo halina joto tena. Viatu vya mtumba vikunje soli, vikionyesha ufa viache. Buti zako za mlimani zinafaa, lakini kwenye barafu ya lami nazo zinateleza, kwa hiyo ukifika nunua vyuma vya kuvalisha soli. Na kwa kuwa Norway imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, ombi lako la viza litadai bima ya safari ya euro 30,000 au zaidi. Ikate mapema, isije ikakuchelewesha.

Assalaam aleikum Shangazi. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Umeå, Sweden. Naanza muhula wa Januari. Naambiwa kule jua linazama mchana. Swala nitaziswali vipi, na udhu kwenye baridi ile? Na hilo giza halitanichanganya kichwa?
*Kijana wa Pangani*

Waaleikum salaam, mwanangu, na nimefurahi kupata barua kutoka kwetu. Ni kweli. Mwishoni mwa Desemba Umeå hupata mwanga wa jua kwa saa nne na nusu hivi; linachomoza saa tatu na kitu asubuhi na kabla ya saa nane mchana limekwisha zama. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya saa mbili na ushei. Ukiwa na kipindi cha masomo cha saa sita hadi saa nane, nyakati zote tatu zinaangukia humo. Basi siku ya kwanza kabisa, kabla hujatafuta hata duka, chukua ratiba yako ya masomo na ratiba ya swala ya msikiti wa mji huo uziweke pamoja. Ongea na mwalimu mapema kuhusu dakika kumi za kutoka. Ukimweleza wazi atakuelewa, ukitoroka atadhani humheshimu. Heri yake ni kwamba alfajiri inachelewa, unalala hadi unatosheka. Ukikaa mpaka Juni mambo yatageuka kabisa, usiku utakuwa hauna giza, na hapo utafuata kalenda ya msikiti wa huko.

Udhu wa miguu katika choo cha chuo, maji yanachuruzika sakafuni, watu wanakutazama, kisha unarudisha mguu wenye majimaji ndani ya buti: hilo ndilo linalowasumbua vijana wetu, na dini imeshalipatia wepesi. Tawadha kamili asubuhi nyumbani, vaa soksi zako za ngozi ukiwa na twahara, na kwa mkazi unaruhusiwa kupaka maji juu yake mchana na usiku mmoja. Msafiri siku tatu. Za kitambaa wanazuoni wamehitalifiana, muulize sheikh unayemfuata kabla hujaondoka. Soksi za ngozi nunua kwetu kabisa, Tanga au Mombasa, hazina uzito.

Giza nalo lisikutishe, ila ulichukulie kama jambo la afya. Wenyeji wenyewe wanalijua. Mwaka 2012 kampuni ya umeme ya mji huo iliweka taa kali za kutibu huzuni ya giza katika vituo vya mabasi. Utajisikia mzito, utataka kulala saa kumi na mbili jioni, utaacha kupika. Njia ni kutoka nje mchana, kwenye zile saa nne za mwanga, kila siku, hata kama mawingu yametanda. Theluji inasaidia, inarudisha mwanga juu. Usipange kulala mchana. Vitamini D zungumza na daktari, kwa sababu ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuitengeneza. Uingereza serikali inashauri kila mtu mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na sisi weusi mwaka mzima. Ukiona wiki mbili zimepita huna hamu ya chakula wala ya watu, nenda kituo cha afya cha wanafunzi. Usimfiche mama yako pia. Wanafunzi wetu hupiga simu nyumbani wakisema niko salama huku sauti yote imekwisha.

Watu wa Umeå huendesha baiskeli theluji ikiwa juu, na matairi yao yana misumari. Usiazime ya kawaida.

Shangazi, mtoto wetu wa miaka 9 ana selimundu. Shemeji yangu ametualika Toronto mapumziko ya Desemba. Daktari hajakataa, lakini amesema tujihadhari na baridi. Tujihadhari vipi hasa?
*Baba wa watoto wawili, Morogoro*

Ndugu yangu, daktari amesema kweli, na nashukuru hamkwenda kimya kimya. Baridi ikimpata mwenye selimundu mishipa midogo hubana, chembe za damu zilizopinda hukwama, na maumivu huanza. Kinachomdhuru zaidi ni mabadiliko ya ghafla: kutoka chumba cha nyuzi 21 kwenda nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kukimbilia gari bila koti, au kutoka bwawa la kuogelea la ndani akiwa na nywele mbichi. Avikwe kila kitu kabla mlango haujafunguliwa. Glavu zake ziwe zile zenye kidole gumba peke yake, vidole vinne vikikaa pamoja hupashana joto. Acheze theluji, msimnyime, mtoto wa miaka 9 hawezi kuitazama dirishani tu. Lakini aingie ndani kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, na glavu zikilowa zibadilishwe papo hapo. Mbebeeni jozi tatu.

Maji ni jambo la pili, na wazazi wengi hulisahau kwa kuwa kwenye baridi hakuna anayesikia kiu. Hewa ya ndege ni kavu, ya nyumba zenye hita ni kavu. Mpeni maji kwa saa, hata ya uvuguvugu, kuanzia ndani ya ndege. Shinikizo la hewa ndani ya ndege ni kama la mlimani, mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo mwulizeni daktari wake waziwazi kuhusu safari ndefu ya anga na matokeo yake ya damu ya karibuni.

Dawa zake zote, pamoja na haidroksiurea kama anatumia, ziwe mkononi na barua ya daktari kwa Kiingereza. Bima iandikwe kwamba ana selimundu. Ukiificha, siku akilazwa wataikataa, na mgeni Ontario halipiwi na serikali ya jimbo. Maumivu yakianza mpeni dawa, maji na joto, kitambaa cha moto au chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Barafu asiwekewe kamwe, hata mtu mwema akiileta. Homa ikifika nyuzi 38, au akipumua kwa shida, ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, msisubiri kupambazuke.

Mama Shangazi, mimi ni wa Goma. Nina viza ya Kanada, naenda Montréal kwa kaka yangu mwezi wa kwanza, napitia Brussels. Wanasema ndege hukwama kwa theluji. Nikikwama njiani itakuwaje?
*Msafiri wa Goma*

Wenye pasipoti ya Kongo hudaiwa viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen, lakini mwenye viza hai ya Kanada husamehewa. Pamoja na hayo thibitisha na shirika la ndege kabla ya siku ya safari, maana wao ndio watakaokuzuia kaunta. Msamaha huo ni wa kukaa ndani ya uwanja tu. Ndege ikifutwa usiku, wenzako watapelekwa hoteli za mjini na wewe bila viza ya Schengen unaweza kubaki humo. Kwa hiyo mkoba wako wa mkononi uwe na blanketi jepesi, dawa, chaja, nguo za ndani na kitu cha kula.

Sheria ya Ulaya, namba 261 ya mwaka 2004, inalitaka shirika likupe chakula na mahali pa kulala ndege inayotoka Ulaya ikifutwa, hata kama sababu ni theluji. Fidia ya pesa kwa sababu ya theluji kwa kawaida hutaipata, lakini chakula dai bila aibu, nenda kaunta uombe. Tiketi iwe moja kutoka mwanzo hadi Montréal. Ukinunua mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili imekupotea. Na ukiwa umekaa ndani ya ndege ukaona magari yanainyunyizia maji ya rangi mabawani, usiogope: wanaondoa barafu, na rubani hawezi kuruka bila hiyo.

Shangazi, mimi nimetoka Kisii, niko Minneapolis tangu Agosti, naendesha gari la kupeleka chakula. Hii ni theluji yangu ya kwanza. Gari la jirani lilivutwa usiku na sijaelewa kwa nini. Nifanye nini?
*Dereva, Minneapolis*

Karibu sana, jirani. Jiji likitangaza dharura ya theluji, kuna utaratibu wa siku tatu. Siku ya kwanza, kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi, usipaki upande wowote wa barabara zilizotengwa kwa dharura. Vibao vyake utaviona. Siku ya pili, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kwenye barabara nyingine usipaki upande wa nyumba zenye namba shufwa, yaani 2, 4, 6. Siku ya tatu, saa hizo hizo, upande wa namba witiri. Jiandikishe upate ujumbe wa jiji kwenye simu.

Barabarani, madaraja huganda kabla ya lami nyingine kwa kuwa upepo huyapita juu na chini. Punguza mwendo kabla hujafika, usikanyage breki kwa nguvu ukiwa juu yake. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ndani ya gari weka koleo fupi, blanketi, mchanga kidogo wa kumwaga chini ya tairi, na simu ikae mfuko wa ndani wa koti, betri huisha ghafla ikipigwa na baridi.

Ukikwama kwenye dhoruba, kaa ndani ya gari, usitembee kutafuta msaada. Wanaopotea huwa wametoka. Washa injini kama dakika kumi kila saa ili upate joto, ufungue dirisha kidogo upande usio na upepo. Lakini kabla ya kuwasha, kila mara, zunguka nyuma ufukue theluji kwenye eksozi. Ikiwa imezibwa, ule moshi unarudi ndani ya gari na hutausikia. Hata asubuhi unapopasha gari nje ya nyumba na abiria au mtoto ameshakaa ndani, eksozi kwanza, kioo baadaye.